Siri ya wanawake wa Majengo: Protini za mwili zinazokizuia kirusi cha Ukimwi mlangoni

MFANYABIASHARA yeyote wa mitumba aliyewahi kushuka Gikomba, jijini Nairobi, anaijua Majengo, hata kama hajawahi kuingia ndani yake. Ni mtaa wa vyumba vidogo vya kupanga ulio jirani kabisa na marobota ya nguo. Wanunuzi kutoka Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko hupita kando yake wakiwa na haraka ya kufunga mzigo na kuwahi basi la jioni.

Wachache kati yao wanajua kwamba mtaa huo umeandikwa mara nyingi katika majarida makubwa ya tiba duniani. Sababu yake ni wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika vyumba hivyo. Baadhi yao walikutana na Virusi vya Ukimwi (VVU) mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, na bado vipimo viliendelea kuonyesha kuwa hawana maambukizi.

Swali la jinsi walivyoepuka limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 30. Sehemu kubwa ya jibu imepatikana katika protini ambazo mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe. Lakini katika jibu hilohilo kuna onyo ambalo mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka hawezi kulipuuza.

Ugonjwa uliosafiri na bidhaa

Watu wa pande mbili za mpaka wa Mutukula wana kumbukumbu chungu ya namna Ukimwi ulivyoingia katika eneo la Ziwa Victoria. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa upande wa Uganda walionekana mwaka 1982 katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai. Mwaka uliofuata, 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera.

Uganda waliuita ugonjwa huo “Slim”, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Kagera waliuita “Juliana”, jina la nguo iliyopendwa ambayo wafanyabiashara walikuwa wakiivusha kutoka Uganda. Vijana waliovaa Juliana ndio waliokuwa na fedha mfukoni, na wengi wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuugua. Jina la bidhaa likawa jina la kifo.

Wakati huohuo Nairobi kulikuwa na utafiti mwingine kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa, hasa pangusa na kisonono. Miongoni mwao walikuwa daktari kijana kutoka Kanada, Frank Plummer, na Elizabeth Ngugi, mwalimu wa uuguzi aliyepata heshima Majengo kwa kukaa na wanawake hao, kuwasikiliza na kuwahimiza wajilinde.

Damu za wanawake hao zilipopimwa VVU, matokeo yaliwashtua wote. Karibu theluthi mbili ya wanawake wa kipato cha chini waliopimwa walikuwa tayari wameambukizwa. Kuanzia hapo utafiti ukabadilika. Kuanzia mwaka 1985 kundi kubwa la wanawake wa Majengo likawa linafuatiliwa, likitibiwa magonjwa ya zinaa, likipewa kondomu na kupimwa kwa vipindi.

Wanawake 43

Kati ya mwaka 1985 na 1994 walisajiliwa wanawake 424 ambao walikuwa bado hawana VVU. Katika kipindi hicho 239 kati yao waliambukizwa. Hiyo ni zaidi ya nusu, na ndiyo hesabu ambayo mtu angeitarajia, kwa huzuni, katika mazingira yale.

Kilichowashangaza watafiti ni kundi dogo lililobaki. Wanawake 43 walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 3 au zaidi bila kuambukizwa. Watafiti walitazama kama walitumia kondomu zaidi ya wenzao, kama walikuwa na wateja wachache, au kama waliugua magonjwa ya zinaa mara chache. Hakuna kati ya hayo lililotosha kueleza tofauti yao.

Tena, kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa ulivyopungua. Kama ingekuwa bahati tu, hatari ingebaki ileile kila mwaka, kama anayerusha sarafu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na yakafungua mlango wa utafiti ambao haujafungwa hadi leo.

Kirusi kinahitaji milango miwili

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa kujua jinsi kirusi kinavyoingia ndani ya seli. VVU havina uwezo wa kujizalisha vyenyewe. Ni lazima viingie katika seli hai ya binadamu na kuigeuza kuwa kiwanda. Seli vinazozipenda ni zile za kinga zenye alama ya CD4 juu ya ngozi yake, zilezile ambazo kliniki huzihesabu ili kujua hali ya mgonjwa.

Lakini kushika CD4 pekee hakutoshi. Kirusi kinahitaji kushika na kipokezi cha pili, na mara nyingi hicho ni protini iitwayo CCR5. Ni kama forodha ya mpakani: muhuri wa kutokea upande mmoja hausaidii kitu kama upande wa pili hawajagonga wa kuingilia.

Kipokezi hicho hakikuwekwa mwilini kwa ajili ya kirusi. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa kinga, unaoletwa na protini ndogo zinazoitwa kemokini. Mwishoni mwa mwaka 1995 kundi la watafiti likiwemo la Robert Gallo, Marekani, lilitangaza kwamba kemokini tatu za kawaida za binadamu, mojawapo ikiitwa RANTES, zinaweza kuzuia VVU kuingia katika seli. Mwaka uliofuata sababu ikajulikana. Kemokini hizo hukaa kwenye CCR5, na kirusi kinapofika kinakuta kiti kimekaliwa.

Mwaka huohuo wa 1996 iligundulika kuwa baadhi ya watu huzaliwa na kasoro katika jeni ya CCR5, kiasi kwamba mlango huo haupo kabisa juu ya seli zao. Aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama huwa vigumu sana kuambukizwa. Watu hao ni takriban 1 kati ya 100 miongoni mwa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Mgonjwa mmoja wa Kimarekani aliyetibiwa Berlin, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho wa mtu wa aina hiyo mwaka 2007 ili kutibu saratani ya damu. VVU vikatoweka mwilini mwake. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani hiyo kurudi, akiwa bado hana VVU.

Kutokana na elimu hiyo ilitengenezwa dawa ya maraviroki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ambayo hufanya kazi kwa kuziba CCR5.

Je, wanawake wa Majengo walikuwa na kasoro hiyo? Hapana. Kasoro hiyo karibu haipo kabisa kwa Waafrika. Watafiti walichukua seli za damu za wanawake hao na kuziweka pamoja na VVU maabara. Seli ziliambukizwa kama za mtu mwingine yeyote. Milango yote miwili ilikuwepo na ilifunguka.

Kwa hiyo kama ulinzi ulikuwepo, haukuwa ndani ya seli za damu. Ulikuwa unafanya kazi kabla kirusi hakijazifikia.

Ulinzi uliomo katika ute

Watafiti wakageukia mahali ambapo kirusi hupita kwanza: ukuta wa njia ya uzazi na ute wa shingo ya kizazi. Kwa watu wengi ute ni uchafu wa kuondolewa. Kwa mwili ni kizuizi cha kwanza, chenye mamia ya protini zenye kazi mbalimbali.

Timu ya Nairobi na Manitoba ililinganisha ute wa wanawake waliokuwa na ulinzi na ule wa wanawake wengine, protini moja baada ya nyingine. Protini mbalimbali zilijitokeza kuwa nyingi zaidi kwa waliolindwa. Mwaka 2009 walichapisha matokeo kuhusu mojawapo, elafini, ambayo pia huitwa trapini-2. Wanawake wenye elafini nyingi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuambukizwa baadaye. Mwaka 2011 wakaongeza orodha ya protini za jamii ya serpini na sistatini.

Protini hizo zote zina tabia moja. Ni breki. Mwili unapopambana na vijidudu hutoa vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, kama mkasi. Mkasi huo ukiachwa bila udhibiti huharibu hata ukuta wa mwili wenyewe. Elafini na serpini huuzuia mkasi, na hivyo kupoza ule wekundu, joto na uvimbe unaotokea sehemu yenye maambukizi.

Hapo ndipo penye jambo la msingi. Kwa maradhi mengi, mtu angedhani kinga kali ndiyo kinga bora. Kwa VVU mambo ni tofauti, kwa sababu askari wa kinga ndio hasa windo la kirusi. Penye uvimbe au kidonda mwili hupeleka seli nyingi za CD4 kwenda kupambana. Kirusi kikifika hapo kinakuta soko limejaa wateja. Penye utulivu, seli za kushambuliwa ni chache, ukuta ni imara, na kirusi kinaweza kufa kabla hakijapata pa kuingia.

Uchunguzi mwingine wa wanawake wa Majengo uliunga mkono picha hiyo. Seli zao za kinga zilikuwa zimetulia kuliko za wengine. Maabara nako elafini ilionyesha uwezo wa kupunguza maambukizi ya VVU kwenye seli. Hata hivyo, kuwepo kwa protini nyingi kwa waliolindwa hakuthibitishi peke yake kuwa hiyo ndiyo iliyowalinda, na watafiti wenyewe huziona protini hizi kama sehemu ya ulinzi wenye mambo mengi, yakiwemo ya kurithi.

Picha hiyo inaeleza pia jambo ambalo Afrika Mashariki ililishuhudia kwa macho. Watafiti wa Nairobi walikuwa wa mwanzo kuonyesha, miaka ya 1980, kwamba vidonda vya sehemu za siri huongeza sana hatari ya kuambukizwa VVU. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, Tanzania, ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40.

Mate, na walinzi wa ndani ya seli

Protini zinazozuia VVU hazipo katika ute wa uzazi peke yake. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba protini iliyomo katika mate, inayojulikana kwa kifupi SLPI, huzuia VVU kuambukiza seli. Hiyo ni ndugu wa karibu wa elafini, na ni mojawapo ya sababu zinazofanya VVU visisambae kwa mate. Kuchangia kikombe cha chai au sahani ya wali na mwenye VVU hakuambukizi.

Hata kirusi kikifanikiwa kuingia ndani ya seli, bado kinakuta walinzi. Mwaka 2002 iligunduliwa protini iitwayo APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya kinasaba ya kirusi wakati yanaponakiliwa, hivyo nakala zinatoka zikiwa na makosa. Mwaka 2004 ikajulikana TRIM5 alfa, inayoshambulia ganda linalobeba kinasaba cha kirusi. Mwaka 2008 ikajulikana tetherini, inayoshikilia virusi vipya visiachane na seli vilipozaliwa, kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti.

Kwa nini basi watu huugua? Ni kwa sababu VVU vimejifunza njia za kuwakwepa walinzi hao. Vina protini yake iitwayo Vif, inayoisukuma APOBEC3G ikaharibiwe. Vina nyingine, Vpu, inayoiondoa tetherini. Na ile TRIM5 alfa, ambayo humlinda vizuri nyani aina ya rhesus, kwa binadamu ni dhaifu mbele ya kirusi hiki. Ni mvutano wa muda mrefu, na kwa binadamu wengi kirusi ndicho kinachoshinda kisipozuiwa kwa dawa.

Waliodhani wamekwisha kupona hatari

Sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi sana ndiyo yenye uzito zaidi kwa wasomaji wa mpakani.

Baada ya miaka kadhaa, baadhi ya wanawake wa Majengo walioaminika kuwa na ulinzi waliambukizwa. Watafiti walipotafuta tofauti kati yao na waliobaki salama, waliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wengi wa walioambukizwa walikuwa wamepunguza kazi hiyo katika mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, sehemu ya ulinzi wao ilikuwa kama moto wa mkaa, ambao hupungua usipochochewa. Mwanamke aliyepumzika kisha akarudi, alirudi akiwa amepungukiwa.

Hakuna aliyemwambia mapema. Hakuna kipimo cha kliniki, wakati ule wala sasa, kinachoweza kumwambia mtu kwamba mwili wake una ulinzi wa kutosha na utaendelea kuwa nao kesho.

Hapa ndipo yanapoanguka mahesabu ambayo husikika sana kwenye nyumba za wageni za mipakani, maegesho ya malori na bandari za ziwani. Mtu amesafiri miaka 10 kati ya Busia na Katuna, au kati ya Namanga na Rusumo. Amekuwa na wapenzi katika vituo kadhaa. Kila alipopima alikutwa salama. Anahitimisha kwamba damu yake ina nguvu, au kwamba ugonjwa huu una watu wake.

Mwingine ana mwenza mwenye VVU ambaye hajamwambukiza kwa miaka mingi, na anadhani naye ni kama wale wa Majengo. Mara nyingi sababu ni rahisi zaidi: mwenza anameza dawa vizuri na virusi vimeshuka hadi kipimo hakivioni. Mtu wa namna hiyo haambukizi VVU kwa njia ya ngono. Aliyemlinda mwenzake ni yule anayemeza vidonge kila siku, na akiacha kuvimeza ulinzi huo unaondoka.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Majibu mazuri ya mwaka jana yanaeleza yaliyopita. Hayamkingi mtu na safari ya wiki ijayo. Kati ya wanawake 424 walioanza wakiwa salama Majengo, 239 waliambukizwa, na kila mmoja wao alikuwa na siku ambayo kipimo chake kilisoma hana.

Kutoka Majengo hadi kwenye sindano

Wanasayansi wamejaribu kwa njia kadhaa kuugeuza ulinzi wa wachache uwe wa wote. Mwaka 2001 Nairobi ilianza majaribio ya chanjo iliyobuniwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwa kufuata jinsi seli za kinga za wanawake wa Majengo zilivyokitambua kirusi. Matumaini yalikuwa makubwa. Matokeo hayakufikia matumaini hayo, na hadi leo hakuna chanjo ya VVU iliyoidhinishwa.

Njia nyingine ilikuwa ni kutafuta dawa ya bei nafuu inayoweza kuleta ule utulivu wa kinga. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanyika Nairobi, ambapo wanawake wasio katika hatari kubwa walipewa dozi ndogo ya aspirini kila siku. Seli ambazo VVU huzishambulia zilipungua kwa asilimia 35 katika njia ya uzazi.

Matokeo hayo yasieleweke vibaya. Jaribio hilo lilihesabu seli, halikupima kama aspirini inazuia mtu kuambukizwa. Hakuna daktari anayeiagiza aspirini kama kinga ya VVU, na kuimeza kila siku bila ushauri kunaweza kusababisha kutokwa damu tumboni. Atakayeuza aspirini kwa jina hilo sokoni anauza uongo.

Mafanikio makubwa yamekuja kwa kukishambulia kirusi chenyewe. Lile ganda ambalo TRIM5 alfa hulivamia ndilo pia linalolengwa na dawa ya lenakapaviri, inayodungwa mara moja kila baada ya miezi 6. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, wale 2,134 waliodungwa dawa hiyo hawakupata hata maambukizi mamoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kinga mwezi Juni 2025, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi Julai mwaka huohuo.

Kwa mtu ambaye leo yuko Malaba na Ijumaa yuko Kampala, sindano mbili kwa mwaka si jambo dogo. Mahali ilipofika, muuguzi wa kliniki ndiye wa kuulizwa. Mahali ambapo haijafika, vidonge vya kinga vinavyoitwa PrEP vipo, na vinafanya kazi vizuri kwa anayevimeza kama alivyoelekezwa.

La kubeba safarini

Elimu ya protini hizi ina matumizi ya kila siku kwa mtu wa njiani, hata bila maabara.

La kwanza ni kutibu mapema kidonda, usaha au mwasho wowote wa sehemu za siri. Huko ndiko kirusi hukuta seli zimejipanga. Dawa inunuliwe baada ya kupimwa, na mwenza naye atibiwe, vinginevyo ugonjwa unarudi.

La pili linawahusu zaidi wanawake. Kujiosha ndani kwa sabuni, kutumia ndimu, unga au dawa za kukausha ukeni, ambazo huuzwa katika masoko mengi ya mipakani, huondoa ute na kuchubua ukuta wenye protini za ulinzi. Tafiti za nchi za Afrika zimehusisha baadhi ya desturi hizo, hasa sabuni, na ongezeko la maambukizi ya VVU. Sehemu hiyo hujisafisha yenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

La tatu ni tohara kwa wanaume. Majaribio matatu, likiwemo la Kisumu, Kenya, na la Rakai, Uganda, yalionyesha kwamba tohara inayofanywa na mtaalamu hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Inapunguza hatari, haiiondoi. Kondomu inabaki kuhitajika.

La nne ni muda. Mtu aliyepasukiwa na kondomu, au aliyebakwa, ana saa 72 za kuanza dawa za dharura zinazoitwa PEP, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Asisubiri kufika nyumbani. Aende kituo cha afya kilicho karibu, upande wowote wa mpaka alipo.

La tano ni kwa wanaotumia ARV. Vidonge visibaki nyumbani kwa kuogopa macho ya wenzake kwenye basi. Safari inaweza kurefushwa na foleni ya forodha, mzigo uliokwama au barabara iliyofungwa. Ni vizuri kubeba vya ziada pamoja na kadi ya kliniki, ili akikwama ugenini aweze kusaidiwa.

Deni la Majengo

Frank Plummer alifariki dunia jijini Nairobi mwezi Februari 2020, akiwa amehudhuria maadhimisho ya miaka 40 ya ushirikiano wa vyuo hivyo viwili. Profesa Elizabeth Ngugi alikuwa ametangulia mwaka 2015. Majina yao yamo katika vitabu.

Majina ya wanawake waliotoa damu na ute wao kwa miongo mitatu hayajulikani, na ni haki yao yasijulikane. Walikuwa mama wenye watoto wa kusomesha, wengine wakiwa mbali na kwao, na baadhi walikuwa wametoka nchi jirani, ikiwemo Tanzania, kutafuta riziki Nairobi kama maelfu ya wengine wanavyofanya leo. Wengi wao walikufa kabla ARV hazijawafikia watu wa kipato chao.

Kutoka kwao ulimwengu ulijifunza kwamba mwili wa binadamu una walinzi wake. Kutoka kwao pia ulijifunza kwamba walinzi hao wanaweza kuchoka bila kumwambia mwenye nyumba. Anayepita kesho asubuhi kando ya Majengo akiwa na robota lake begani anaweza kulipa sehemu ya deni hilo kwa jambo moja tu: apime, na asiendeshe maisha yake kwa majibu ya mwaka jana.